Tumbo la Mama Aliyepasuliwa: Vidole Visaidie Wapi, na Wapi Viache

"Mama, upepo umetoka?" Mwanamke aliyejifungua kwa operesheni husikia swali hilo kuanzia asubuhi ya pili. Muuguzi anauliza, docta anayepita vitandani anauliza, na mama mkwe aliyetoka mtaa wa Kasapa, hapa Lubumbashi, alfajiri na chombo cha uji chini ya kitenge anauliza kabla hata hajamshika mjukuu. Swali hilo lina maana. Utumbo ulioguswa na upasuaji hulala kwa muda, na upepo ukitoka ni ishara kwamba umeanza tena kusukuma. Tatizo ni yale yanayofanyika wakati wa kungoja. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mama huyo alale chali, asile, asinywe, asiguswe, mpaka upepo ujitokee wenyewe. Ukikawia, hatakosekana mtu wa kuja na mpira na maji ya mizizi ili amsukumie dawa kwa nyuma. Kungoja kwa namna hiyo kunamtesa mama bure. Zipo kazi za kufanya katika saa zile, na karibu zote anaweza kuzifanya yeyote anayemlinda mgonjwa, bila kutoa hata faranga moja.

Kazi mojawapo ni kubonyeza nukta za mwili kwa kidole, elimu ya Wachina ambayo hapa Katanga, tunakoishi na Wachina wa migodini kama majirani wa kila siku, imeanza kuzungumzwa sana, mara kwa kusifiwa kupita kiasi, mara kwa kuogopwa kama uchawi. Nitaieleza kwa urefu, maana ina faida yake na ukiifanya vizuri haina madhara. Lakini sitaitanguliza. Kidole kinafanya kazi yake pale ambapo mama amekula na ametembea. Kwa mama aliyelazwa na njaa siku mbili, kubonyeza ni kujifariji tu.

Tuangalie kwanza kinachotokea ndani. Katika operesheni ya uzazi docta hupasua ngozi, mafuta na utando wa tumbo, kisha mji wa mimba. Matumbo hayakatwi, ila husogezwa pembeni, huguswa na vitambaa, na damu na maji ya uzazi humwagika katikati yake. Mwili hujibu kwa kuyatuliza. Kuta za utumbo huvimba kidogo, neva zinazotangaza hatari huzuia zile zinazosukuma chakula, na dawa za maumivu za ukoo wa mofini, tramadoli ikiwa mojawapo, huongeza uzito wa usingizi huo. Utumbo mwembamba ndio wa kwanza kuamka, mara nyingi siku ileile. Mfuko wa chakula hufuata. Utumbo mpana huamka mwisho kabisa, nao ndio unaotoa upepo.

Hapo ndipo kosa letu la zamani lilipo. Tunaungoja utumbo wa mwisho kuamka ndipo tumpe mama kijiko cha uji, wakati sehemu zinazopokea na kumeng'enya uji huo zimekwisha amka saa nyingi zilizopita. Madaktari walitufundisha hivyo miaka mingi, nao walikuwa na sababu: enzi za klorofomu na etha, mgonjwa alitapika sana na matapishi yaliweza kumwingia mapafuni. Leo mama wengi hupewa sindano ya ganzi mgongoni, wako macho, wanasikia mtoto akilia. Chama cha kimataifa cha wataalamu wanaoshughulikia kupona haraka baada ya upasuaji, ERAS, kilitoa mwaka 2019 mwongozo wake wa huduma baada ya operesheni ya uzazi, na humo kinasema mama arudishiwe chakula cha kawaida ndani ya saa 2. Najua wapo watakaoshtuka. Lakini mwongozo huo umetokana na tafiti za wanawake wengi waliolishwa mapema: hawakutapika zaidi ya wenzao, na matumbo yao yaliamka mapema.

Hiyo haina maana kwamba ufiche chakula ndani ya kitenge ukakipitisha mbele ya muuguzi. Muulize docta kabla ya operesheni, kama kuna nafasi, au mara tu mama anaporudi wodini: "Docta, aanze kunywa saa ngapi? Aanze kula saa ngapi?" Uliza saa, usiulize tu kama inaruhusiwa. Ukiuliza saa utapewa jibu unaloweza kulifuata. Wapo mama ambao kwao jibu litakuwa "bado", na hilo liheshimiwe: aliyelazwa usingizi kabisa na bado anasinzia, aliyefika hospitali mtoto amekwama siku nzima na maji ya uzazi yamenuka, aliyeondolewa mji wa mimba, aliyejeruhiwa utumbo au kibofu, aliyekuwa na makovu ya operesheni za nyuma yaliyogandisha matumbo. Kwa hao usingizi wa utumbo ni mzito zaidi, na docta anajua alichokiona ndani.

Kwa wengine, anza na maji, kidogo kidogo. Yakikaa, chai yenye sukari. Ikikaa, uji mwepesi wa mahindi au supu ya samaki. Jioni ya siku hiyo au kesho yake, kipande kidogo cha bukari na lenga-lenga iliyopikwa laini kinatosha. Sombe lenye mawese mengi na maharage yangoje siku moja au mbili. Hayana sumu yoyote, ila tumbo lililojaa hewa halihitaji kuongezewa. Kuna pia ile tabia ya kumpa mama soda yenye povu "ili ilete upepo". Inaleta mbweu. Hewa ya soda huingia kwa juu na sehemu kubwa yake hutokea juu, na iliyobaki humvimbisha. Aache.

Kutembea ndiyo kazi ya pili, na ndiyo ngumu, maana inauma. Mama wengi huogopa mshono utafumuka. Haufumuki kwa sababu ya kusimama. Kuna tabaka kadhaa za nyuzi chini ya ule mstari unaouona. Ganzi ikishaisha na miguu ikiwa na nguvu, kwa kawaida baada ya saa 6 hivi, muuguzi akikubali, muamshe hivi. Asijaribu kuketi moja kwa moja akitokea chali, maana hapo misuli ya tumbo ndiyo inayovuta. Akunje magoti, ageuke ubavu, ashushe miguu nje ya kitanda, kisha ajisukume juu kwa mkono. Kitenge kilichokunjwa mara nne akibane juu ya kidonda kwa kiganja, akikohoa au akicheka vilevile. Akae kidogo ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kiishe. Asimame, wewe ukiwa upande wake. Mara ya kwanza hatua mpaka dirishani zinatosha. Mara ya pili hadi mlangoni. Muuguzi akisema mpira wa mkojo unaweza kutolewa, utolewe, kwa sababu mama mwenye mfuko wa mkojo hubaki kitandani, hatembei.

Ya tatu ni chingamu. Ndiyo, ile inayouzwa na watoto barabarani. Mwaka 2016 Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, ilichapisha mapitio ya tafiti 17 zilizohusisha mama 3,149 waliojifungua kwa operesheni. Waliotafuna chingamu walitoa upepo wa kwanza takriban saa 7 mapema kuliko wasiotafuna. Ubora wa tafiti zile haukuwa mkubwa, na waliozipitia walisema hivyo wazi, lakini kitu chenyewe ni rahisi na hakidhuru. Ukitafuna, ubongo hudhani chakula kinakuja, na kupitia neva ya vagasi, ile ndefu inayoshuka kutoka kichwani hadi tumboni, hupeleka habari kwa mfuko wa chakula na utumbo vijiandae. Atafune robo saa hadi nusu saa, mara tatu kwa siku, akiwa macho kabisa na ameketi. Mama anayekula kwa kawaida hana haja nayo sana. Ni ya yule ambaye docta amemwambia angoje, na hata huyo aombe ruhusa kwanza.

Sasa tuje kwenye vidole.

Katika elimu ya Wachina kuna nukta 361 zilizo juu ya njia kuu za mwili. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2008 kitabu kinachoonyesha kila moja iko wapi, baada ya wataalamu wa China, Japani na Korea kukubaliana. Mlinda mgonjwa wa Lubumbashi hahitaji 361. Anahitaji mbili: moja mguuni, moja mkononi. Nimeacha kwa makusudi zile za tumboni, ingawa vitabu vinazisifu, kwa sababu tumbo lenye mshono mpya si mahali pa kujifunzia.

Ile ya mguuni inaitwa Zusanli. Ili kuipata, mama akunje goti kidogo, kitenge kilichokunjwa kikiwa chini yake. Papasa chini ya kifuniko cha goti. Utasikia mashimo mawili laini, moja upande wa ndani, jingine upande wa nje. Shika lile la nje. Kuanzia hapo shuka kwa upana wa vidole vinne vilivyobanwa pamoja, na vidole hivyo viwe vya mama mwenyewe, visiwe vyako. Wachina hupima mwili kwa mkono wa mwenye mwili. Mwanaume mwenye viganja vya mchimba madini akimpima mkewe kwa vidole vyake atashuka mno. Ukifika hapo, tafuta ukingo mkali wa mfupa wa ugoko, kisha sogea nje kwa upana wa kidole kimoja. Sasa mwambie mama ainue vidole vya mguu kuelekea kichwani kwake. Msuli ukiinuka chini ya kidole chako, upo mahali penyewe. Akishusha mguu, msuli unalegea. Hapo ndipo pa kubonyeza.

Bonyeza kwa gumba, wima kuelekea ndani, polepole, ukiongeza nguvu kadiri anavyovumilia. Kinachotafutwa ni hisia fulani: uzito, ganzi kidogo, maumivu butu yanayoelekea kushuka mguuni. Mama atakuambia, "Hapo, hapo panauma vizuri." Akiruka au akikunja uso, umezidisha, au umegusa mfupa. Shikilia kwa pumzi mbili tatu, legeza, rudia, au zungusha gumba taratibu bila kuliondoa kwenye ngozi. Dakika 2 au 3 kila mguu, mara tatu au nne kwa siku, zinatosha. Kucha ziwe fupi, mikono iwe imenawa. Mafuta hayahitajiki, maana gumba litateleza.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likielezwa vya kutosha. Mama aliyepewa ganzi mgongoni hasikii miguu yake kwa saa kadhaa. Ukimbonyeza wakati huo, hawezi kukuambia kwamba umezidisha, na nguvu yako yote itabaki kuwa alama ya damu iliyovilia chini ya ngozi. Ngoja mpaka aweze kusogeza vidole vya miguu na kukuambia ukimgusa ni wapi umegusa. Katika saa hizo za ganzi fanya ya mkononi.

Ya mkononi ni Neiguan, na kazi yake kubwa ni kichefuchefu. Geuza kiganja juu. Kuanzia mstari wa kifundo cha mkono, panda kuelekea kiwiko kwa upana wa vidole vitatu vya mama: cha shahada, cha kati na cha pete. Mwambie akunje ngumi na akunje kifundo kidogo. Kano mbili zitajitokeza katikati ya mkono. Nukta iko kati yake. Wapo watu waliozaliwa na kano moja tu mahali hapo, si ugonjwa. Kwao shika katikati. Bonyeza kwa gumba namna ileile, dakika 2 au 3, hasa anaposikia mate yanajaa mdomoni. Mkono wenye sindano ya seramu usiuguse, tumia mwingine.

Ushahidi wa nukta hii ya mkononi ndio imara kuliko nyingine zote katika elimu ya nukta. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalikusanya tafiti 59 zenye watu 7,667 waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali. Ukilinganisha na waliobonyezwa mahali pasipo nukta au kufanyiwa igizo tu, kichefuchefu kilipungua kwa karibu theluthi moja na kutapika kwa karibu asilimia 40. Kwa tumbo ambalo bado halijaamka, kutotapika ni nusu ya safari, maana mama asiyetapika ndiye anayekubali kijiko cha kwanza cha uji.

Kwa Zusanli hali ni tofauti kidogo, na mama anastahili kuambiwa ukweli. Tafiti kubwa nzuri zimefanywa kwa sindano zenye umeme mdogo, si kwa kidole, na kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, si kwa mama waliojifungua. Hong Kong, mwaka 2013, wagonjwa 165 waligawanywa: waliopata sindano za umeme walikwenda haja kubwa ya kwanza wastani wa saa 86 baada ya operesheni, na wasiopata kitu, saa 122. Kwa mama waliojifungua kwa operesheni, tafiti za kubonyeza kwa kidole zipo, zimefanywa hasa Uturuki, Irani na China, lakini nyingi ni ndogo, na mama anajua amebonyezwa au hakubonyezwa, jambo linalovuruga hesabu. Nyingi zinaelekea upande mmoja: upepo hutoka mapema. Mimi naliamini elekeo hilo kiasi cha kulipendekeza, si kiasi cha kuliahidi.

Kwa nini mguu uamshe tumbo? Mwaka 2021 timu ya Qiufu Ma wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilichapisha katika jarida la Nature majaribio ya panya. Waliposisimua kwa umeme mdogo mahali pa mguu wa nyuma panapolingana na Zusanli, neva fulani zilizo ndani karibu na mfupa zilipeleka habari kwenye ubongo, na ubongo ukajibu kupitia neva ya vagasi hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, na uvimbe mwilini ukapungua. Waliposisimua tumboni kwa nguvu ileile, njia hiyo haikufunguka. Panya si mama, na walichopima ni uvimbe, si upepo. Hata hivyo tumekwisha ona kwamba uvimbe wa kuta za utumbo ni sehemu ya usingizi wenyewe, na vagasi ndiyo ileile inayoamshwa na chingamu.

Na elimu hii si ngeni Afrika kama tunavyodhani. Timu za madaktari wa China zilifika Zanzibar mwaka 1964, na mpaka leo wenzetu wa Unguja wanazijua katika hospitali ya Mnazi Mmoja, na wale wa Pemba katika Abdulla Mzee huko Mkoani. Kwetu, wakati nchi bado ni Zaire, timu ya kwanza ilitoka mkoa wa Hebei mwaka 1973. Kinshasa, huko N'djili, ipo hospitali ya urafiki wa China na Kongo. Kampala, shirika la Uingereza liitwalo Moxafrica lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere kujaribu joto la moksa, yaani majani makavu yanayochomwa, juu ya nukta ileile ya Zusanli kwa wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wakitumia dawa zao za kawaida. Sikuambii uwashe moksa wodini. Moto na oksijeni havikai chumba kimoja. Nasema tu kwamba kidole chako hakitakuwa cha kwanza barani kugusa mahali pale.

Sindano ni habari nyingine. Akifika mtu nyumbani akisema anajua kuchoma sindano za Kichina, mwulize sindano zake ziko katika pakiti iliyofungwa na kama kila moja hutupwa baada ya mtu mmoja. Homa ya ini ya B hupita kwenye damu kidogo sana isiyoonekana kwa macho, na virusi vya Ukimwi vilevile. Asipokuonyesha pakiti, mshukuru, mpe kiti na maji, na mwili wa mama asiuguse. Kidole hakitoboi mtu, na ndiyo sababu nakipenda.

Kidole nacho kina mahali pa kusimama. Operesheni na ujauzito huzidisha hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kabla ya kubonyeza, tazama miguu yote miwili pamoja. Mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, una joto, shavu la mguu linauma ukiligusa au akikunja unyayo, usibonyeze, usikande, usipake dawa ya moto. Mwite muuguzi saa hiyohiyo. Donge la damu likisukumwa likapanda mapafuni linaweza kumwua mama kwa dakika chache. Akianza kukosa pumzi ghafla au kifua kikamchoma, usingoje asubuhi. Usibonyeze pia palipo na kidonda, jipu au ngozi iliyoungua. Na shemeji mjamzito aliyekuja kumtazama mama, akitaka naye ajaribiwe, mwambie angoje: zipo nukta nyingine karibu na hizi ambazo waganga wa Kichina hawazigusi kwa mjamzito, na asiyejua vizuri ni rahisi kuzichanganya.

Narudi kwa ule mpira wa kusukumia dawa kwa nyuma. Nalisema kwa uchungu kwa sababu wanaoufanya ni mama zetu wenyewe, kwa mapenzi, kama walivyofanyiwa wao. Maji ya mizizi, tangawizi au pilipili huunguza ngozi ya ndani ya utumbo. Ncha ya mpira ikisukumwa vibaya hutoboa. Na hata isipotoboa, inafanya jambo baya zaidi: mama anatoa kilichokuwa karibu na njia, watu wanafurahi, kumbe juu zaidi utumbo umefungwa au umepata uambukizo, na saa za kumwokoa zinapita katika furaha hiyo. Mama mkwe akija na mpira, usimkemee mbele ya watu. Mpe goti la mkwewe. Mwonyeshe shimo la nje, vidole vinne, ukingo wa mfupa. Alikuja kusaidia, na hapo atakuwa na la kufanya kwa mikono yake, la kweli, usiku umeme ukiwa umekatika na muuguzi akiwa na vitanda vingi.

Vivyo hivyo kukanda tumbo kwa maji ya moto. Kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida tunabishana; kwa aliyepasuliwa hakuna ubishi. Kitambaa cha moto juu ya mshono huunguza ngozi ambayo bado ina ganzi, na maji hulowesha kidonda. Kufunga tumbo kwa kitenge kunaruhusiwa, kikiwa hakimbani pumzi na kidonda kinabaki kikavu.

Upepo ukishatoka, haja kubwa huweza kuchukua siku mbili tatu zaidi, na hilo si ugonjwa. Mama wengi hurudi nyumbani kabla ya haja hiyo, wakiwa na vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu, ambavyo hukausha choo na kukifanya cheusi. Asiviache. Aongeze maji, papai, mboga za majani, na aendelee kutembea uani. Chooni aweke miguu juu ya kibao kidogo, magoti yapande juu ya nyonga, abane kitenge kwenye kidonda, asisukume kwa kushika pumzi. Zusanli aendelee kuibonyeza mwenyewe akiwa ameketi ananyonyesha. Mkono mmoja unatosha. Kunyonyesha hukausha mwili, kwa hiyo kila mtoto anaposhika titi, mama awe na kikombe cha maji karibu.

Sasa yale yasiyongojewa. Tumbo linalozidi kuvimba na kukaza, badala ya kupungua. Kutapika tena na tena, hasa matapishi ya kijani. Siku ya tatu imepita bila upepo. Homa. Kidonda kinachotoa usaha au harufu. Maumivu yanayozidi ingawa dawa zimenywewa. Damu inayojaza pedi kwa saa moja. Lolote kati ya haya likitokea wodini, mwite muuguzi na usiondoke mpaka amekuja kuona. Likitokea nyumbani Kasapa, mrudishe alikopasuliwa, au hospitali ya Sendwe, au Kliniki za Chuo Kikuu, hata kama ni usiku. Gari likikawia, mlaze ubavu, asile wala asinywe njiani. Chukua karatasi zake zote. Ukifika mlangoni, sema siku aliyopasuliwa, mara ya mwisho upepo ulipotoka, rangi ya matapishi, na kila dawa aliyopewa, hata ile ya mizizi. Iseme bila aibu, docta anaihitaji.